Mto Lukuga na barafu ya kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha jiografia hapa Lubumbashi. Kila nikifikia somo la Lukuga, maswali huwa yaleyale: kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, hata kwa mafundi wa mgodini ambao mikono yao inashika mawe haya kila siku bila mtu kuwaambia yametoka wapi. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Baadhi nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo kiini cha habari yenyewe, mengine yanahitaji mistari michache tu.

Lukuga ni mto gani, na uko wapi?

Ni mto unaotoka Ziwa Tanganyika pale Kalemie na kuelekea magharibi kilomita 320 hivi hadi kuingia Lualaba, jirani na Kabalo. Ziwa lote lile, lenye urefu wa kilomita 670 na zaidi, halina mlango mwingine wa kutolea maji. Maji ya Ruzizi, ya Malagarasi na ya vijito vyote vya Burundi, Tanzania, Zambia na Kongo yakitaka kufika baharini, lazima yapitie Lukuga, kisha Lualaba, kisha mto Kongo wenyewe hadi Banana, mji ulio kwenye mdomo wake baharini.

Aliyewahi kupanda treni ya Kabalo–Kalemie ameliona bonde lake. Reli ile ya kilomita 273, iliyokamilika mwaka 1915, inapita Nyunzu na Niemba ikilifuata bonde hilo, kwa sababu wajenzi hawakupata njia nyingine rahisi ya kupenya milimani hadi ziwani. Nitalirudia jambo hili chini, maana njia hiyo haikuanza na mto.

Ni kweli barafu ilifika Kongo? Na joto hili lote?

Ni kweli. Karibu miaka milioni 300 iliyopita, nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo ilikuwa na mito ya barafu iliyoshuka kutoka nyanda za juu za mashariki kwenda magharibi, upande wa bonde kubwa la Kongo. Barafu hiyo iliacha mashapo, yaani udongo, mchanga na mawe yaliyotua, ambayo wanajiolojia wameyapa jina la Lukuga, kwa kuwa ni katika bonde la mto huu ndipo yalipochunguzwa vizuri mapema. Mashapo ya ukoo huo yamekutwa pia katika mabonde ya kale ya milima ya Kivu.

Tena hiyo haikuwa barafu ya kwanza. Katanga ina alama za baridi mbili nyingine, za kale kuliko hiyo zaidi ya mara mbili. Hizo ziko karibu na sisi wa Lubumbashi kuliko watu wengi wanavyodhani, nami nitazifikia.

Barafu inawezaje kuchimba bonde? Si itayeyuka tu?

Barafu ndogo ya kwenye friji huyeyuka. Lakini pale ambapo theluji ya kila mwaka inaanguka nyingi kuliko inayoyeyuka, inarundikana, uzito wake unaikandamiza, na baada ya muda inakuwa barafu nene ya mamia ya mita. Barafu ya unene huo haikai tuli. Inatambaa chini ya uzito wake kama bukari (ugali) laini uliomiminwa kwenye sahani iliyoinama: polepole, kwa umbo zima, ikijaza kila kona inayokutana nayo.

Barafu tupu ni laini kuliko mwamba, kwa hiyo kazi ya kukata inafanywa na mawe yaliyonasa chini yake. Jiwe gumu lililoshikwa na barafu nzito linakwaruza mwamba wa chini, linaupasua, linausaga hadi unakuwa unga. Mto wa maji huchimba mstari mwembamba chini ya bonde, na kingo zikaporomoka zenyewe. Barafu hujaza bonde lote na kulipanua pande zote, ndiyo maana bonde la barafu lina sakafu pana na kuta zinazosimama wima.

Tunajuaje kwamba ni barafu na si maji tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linashikika mkononi.

Maji yanachambua. Ukitembea kando ya mto utakuta kokoto mahali pake, mchanga mahali pake, tope mahali pake, kwa kuwa kasi ya maji inapopungua vizito hutangulia kutua na vyepesi huendelea. Barafu haichambui kitu. Inabeba jabali la ukubwa wa nyumba pamoja na unga laini, na ikiyeyuka inaviacha vyote pamoja palepale. Mchanganyiko huo, tope lenye mawe ya kila ukubwa na kila aina, ukigeuka mwamba huitwa tiliti.

Alama ya pili ni umbo la mawe yenyewe. Jiwe la mtoni huviringika hadi linakuwa la mviringo. Jiwe lililoburutwa chini ya barafu huwa na upande mmoja au miwili iliyonyooshwa bapa, na juu ya bapa hiyo mikwaruzo iliyonyooka na kuelekea upande mmoja. Mwamba wa chini nao hubaki na mikwaruzo hiyohiyo. Pale Nooitgedacht, karibu na Kimberley, Afrika Kusini, kuna sakafu za mwamba za enzi hiyohiyo zilizopigwa msasa na barafu kiasi kwamba mtu asiyejua chochote cha jiolojia anaona barafu ilielekea wapi.

Ya tatu ni matope ya ziwani. Mbele ya barafu huwa kuna maziwa ya maji baridi. Wakati wa joto barafu inayeyuka, vijito vinaleta mchanga laini wa rangi nyepesi. Wakati wa baridi uso wa ziwa unaganda, maji yanatulia, na tope jeusi laini kabisa linatua. Mwaka mmoja unaandika mistari miwili, mweupe na mweusi. Katika mashapo ya Lukuga yamo matope ya namna hii, yenye mistari myembamba iliyopangana. Na mahali popote duniani penye matope hayo hukutwa wakati mwingine jiwe moja kubwa limekaa peke yake katikati ya mistari, na mistari ya chini yake imebonyea. Maji tulivu yanayotua tope laini hayana nguvu ya kubeba jiwe hilo. Lilikuja juu ya pande la barafu linaloelea, pande likayeyuka, jiwe likazama.

Alama moja pekee haitoshi, na mjiolojia mwaminifu anatafuta zote. Maporomoko ya tope chini ya bahari nayo yanachanganya mawe makubwa na madogo, na yamewahi kuwadanganya watu wengi wenye elimu.

Wakati huo Afrika ilikuwa wapi?

Ilikuwa imeshikamana na Amerika ya Kusini, Madagaska, India, Australia na Antaktika, bara moja kubwa linaloitwa Gondwana, na kusini mwa Afrika kulikuwa karibu na Ncha ya Kusini.

Alfred Wegener, Mjerumani aliyetoa hoja ya kuhama kwa mabara mwaka 1912, aliitegemea sana barafu hii. Alama zake ziko Afrika, India, Brazili na Australia, nchi ambazo leo zimetawanyika, na baadhi ziko chini ya jua kali. Ukiziacha nchi hizo mahali zilipo leo, huna budi kufunika karibu nusu ya dunia kwa barafu, pamoja na ikweta. Ukiziunganisha, barafu yote inakusanyika kuizunguka ncha moja. Wanasayansi wengi wa wakati wake walimkataa, naye akafariki Greenland mwaka 1930 kabla ya kukubaliwa. Tiliti za Lukuga ni sehemu ya ushahidi huo, na nasikitika kwamba vitabu tunavyofundishia vinaitaja India na Brazili na kuisahau Kongo.

Kama palikuwa na barafu, makaa ya mawe ya Kalemie na Luena yalitoka wapi?

Yalikuja baada yake. Barafu iliporudi nyuma iliacha mabonde mapana yenye mabwawa na udongo mpya. Hali ya hewa ilipopata joto kidogo, mimea ikaingia. Mti uliotawala ulikuwa Glossopteris, wenye majani marefu ya umbo la ulimi, ambao leo haupo popote duniani. Majani yake yalianguka ndani ya maji yasiyo na hewa, hayakuoza vizuri, yakafunikwa na tope, yakakandamizwa, yakawa makaa ya mawe. Ndiyo maana katika bonde la Lukuga tiliti ziko chini na makaa yako juu yake. Makaa ya Luena, upande wa Bukama, ni ya familia hiyo pia, na wakati wa Wabelgiji yalichimbwa kwa ajili ya viwanda vya Katanga.

Umri wake unasomwa kutokana na chavua na mbegu ndogo sana za mimea zilizohifadhiwa ndani ya makaa. Mtaalamu akizitazama kwa hadubini anaweza kuzilinganisha na zile za India na Afrika Kusini.

Basi Lukuga una umri wa miaka milioni 300?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Bonde ni la kale, mto ni mgeni.

Fuatilia mambo kwa mpangilio wake. Barafu ilipita kwenye bonde la chini lililokuwa tayari kwenye ukoko wa dunia, ikalipanua na kuliacha limejaa tiliti, matope na mchanga, na juu yake makaa. Kisha mamilioni kwa mamilioni ya miaka yakapita. Mashapo mengine yakaja na kuondoka. Milima ya pembeni, ya mawe magumu ya kale sana, ikabaki. Mashapo ya ndani ya bonde ni laini kuliko mawe hayo, kwa hiyo kila maji yalipotafuta njia yaliipata palepale, ndani ya kovu la barafu. Mabonde ya namna hii hufukuliwa upya na mito ambayo haikuwahi kuiona barafu iliyoyatengeneza.

Baadaye, katika miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, ardhi ya Afrika Mashariki ikaanza kupasuka, na Ziwa Tanganyika likaanza kuzaliwa. Ufa huo ni wa kina cha kutisha: ziwa lina mita 1,470 mahali pake pa kina zaidi, na duniani ni Baikal tu la Urusi linalolishinda. Pande zote mbili za ufa, kingo zikanyanyuka. Kusini mwa Kalemie kuna nyanda za juu za Marungu zinazozidi mita 2,000, na kaskazini kuna milima inayokwenda Fizi na Uvira. Lakini pale ufa ulipokata bonde la zamani, ukingo ulibaki chini. Pengo hilo ndilo Kalemie. Ziwa likijaa, halina haja ya kupanda milima. Linamwagikia pale ukingo ulipo chini kuliko kote, na hapo chini pamerithiwa kutoka enzi za barafu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza barafu imeufanyia nini mto Lukuga, mwambie: haikuuzaa, ila ilisaidia kuutayarishia njia. Mto ukaja kuifuata, na reli ikaufuata mto.

Enzi ya barafu ya mwisho, ile ya Ulaya, iliufanya nini mto huu?

Miaka 20,000 hivi iliyopita Ulaya ya kaskazini na Kanada zilifunikwa na barafu. Kwetu barafu ilibaki juu ya milima mirefu peke yake. Bonde la Lukuga halikuguswa na barafu hata kidogo wakati huo.

Liliguswa na ukame. Dunia baridi ina mvuke mdogo angani, na mvua za Afrika ya kitropiki zilipungua. Ziwa Tanganyika lilishuka mamia ya mita chini ya kiwango cha leo. Ziwa lililoshuka hivyo haliwezi kumwaga maji, na mdomo wa Lukuga ulikuwa mkavu.

Kilichogeuza hali ni mambo mawili. Mvua zilirudi barafu ya kaskazini ilipokuwa ikiyeyuka. Na huko Kivu, volkeno za Virunga zilikuwa zimeziba njia ya zamani ya maji kuelekea Ziwa Edward, kaskazini. Ziwa Kivu likapanda hadi likamwagika upande wa pili, kusini, kupitia Bukavu. Huo ndio mwanzo wa Ruzizi kama tunavyoujua, takriban miaka 10,000 iliyopita. Maji mapya yakaingia Tanganyika, ziwa likapanda, na Lukuga ukapata kazi. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma wanapoutazama mto wao wajue kwamba maji hayo yanakuja kupita Kalemie.

Nimesoma kwamba Wazungu wa kwanza waliukuta Lukuga umeziba. Ni kweli?

Ni kweli. Verney Lovett Cameron aliufikia mdomo wake Mei 1874. Wenyeji walimweleza kwamba ni hapo ndipo maji yanapotoka, lakini mbele kidogo mkondo ulikuwa umefungwa na mafunjo na mimea mingine. Stanley alipita mwaka 1876, akaona maji karibu hayatembei, akasema kwamba ziwa linapanda na siku si nyingi litatoka kwa nguvu. Alisema kweli. Edward Coode Hore na Joseph Thomson, kila mmoja kwa safari yake, walipofika mwishoni mwa 1879, Lukuga ulikuwa unakimbia.

Maelezo ni rahisi. Ziwa hili hupoteza maji yake mengi kwa mvuke: zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi ya maji yanayoliacha hupaa angani, na sehemu ndogo tu hupita mtoni. Mvua zikipungua kwa miaka kadhaa, ziwa linashuka hadi chini ya kizingiti, mto unasimama, mchanga na mimea vinaziba mdomo. Mvua zikirudi, maji yanajikusanya nyuma ya kizibo hadi yanakivunja. Hilo lilitokea karibu na mwaka 1878, na katika miaka kumi na mitano iliyofuata ziwa lilishuka takriban mita 10.

Napenda wanafunzi wangu walitambue jambo moja katika habari hii. Wageni wale walibishana miaka mingi katika vyama vyao vya Ulaya kama Tanganyika ina mlango au haina. Watu wa Lukuga walikuwa wakijua.

Kalemie inafurika. Tukichimba mdomo wa Lukuga, ziwa halitashuka?

Litashuka, lakini polepole kuliko watu wanavyotumaini. Ziwa lilipanda sana mwaka 1964, na limepanda tena miaka hii. Mafuriko ya 2024 yaliwatoa watu kwenye nyumba zao Kalemie, Uvira na Bujumbura. Uchungu wao ni wa kweli na unahitaji jibu la kweli.

Tupige hesabu. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba karibu 32,900. Kulishusha kwa mita moja ni kuondoa kilomita za ujazo karibu 33. Tuseme umepanua mdomo hadi mto unabeba mita za ujazo 500 zaidi kila sekunde, ambayo ni kazi kubwa mno. Utahitaji miaka miwili na zaidi kuipata mita hiyo moja, tena kama mvua hazitaongezeka katikati. Na maji hayo yote yatakwenda kwa watu wa Nyunzu na Kabalo.

Kusafisha mdomo usizibe ni jambo la busara. Kujenga mbali na ufuo, juu ya alama ya maji ya 1964, ni busara zaidi. Ziwa hili limepanda na kushuka tangu lilipozaliwa, na kingo zake zimeandikwa alama hizo kwa anayetaka kuzisoma.

Ulisema kuna barafu ya kale zaidi karibu na Lubumbashi. Iko wapi?

Iko chini ya miguu yetu, na mafundi wa mgodini wanaijua kwa jina la Kifaransa: Grand Conglomérat.

Mawe ya Katanga yamegawanywa katika makundi matatu makubwa yanayopandana: Roan chini, Nguba katikati, Kundelungu juu. Nguba linaanza na Grand Conglomérat, tabaka la tope gumu la kijivu lenye mawe ya kila aina ndani yake, ambalo mahali pengine linafikia mamia ya mita. Kundelungu linaanza na Petit Conglomérat, la namna hiyohiyo ila jembamba, la makumi ya mita. Kila moja ni alama ya baridi kuu iliyoikumba dunia nzima. Ya kwanza inalinganishwa na baridi iliyodumu takriban kati ya miaka milioni 717 na 660 iliyopita. Ya pili inalinganishwa na ile iliyokwisha miaka milioni 635 iliyopita.

Wakati huo hapakuwa na mnyama wala jani nchi kavu. Ushahidi kutoka Australia unaonyesha kwamba barafu ilifika usawa wa bahari hata katika nchi zilizokuwa karibu na ikweta. Wataalamu wengi wanaona dunia ilifunikwa karibu yote, bahari zikiwemo.

Kinachonishangaza kila mara ni tabaka linalofuata. Juu ya Petit Conglomérat, bila utangulizi, limekaa Calcaire Rose, jiwe la chokaa na dolomiti la rangi ya waridi. Mawe ya aina hii huhusishwa na maji ya joto. Yanakaaje moja kwa moja juu ya mashapo ya barafu? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya: nchi ikiwa imefunikwa, mvua haigusi mwamba, na gesi ya kaboni inayotolewa na volkeno, ambayo hushika joto, haipati mwamba wenye mvua wa kuinyonya. Inajikusanya angani kwa mamilioni ya miaka hadi joto linashinda. Barafu inayeyuka haraka, mvua kali zinaosha milima iliyosagwa, na madini yaliyooshwa yanatua baharini kama chokaa. Jiwe hilo la waridi ndilo alama ya dunia kutoka kwenye baridi.

Wote wanakubali kwamba Grand Conglomérat ni ya barafu?

Wengi wanakubali kwamba barafu ilihusika. Ubishi uko kwenye njia mawe yalivyofika mahali yalipo. Wapo wanaoona kwamba sehemu kubwa ya tabaka hili iliporomoka kutoka kingo za bahari iliyokuwa ikipanuka, na kwamba barafu ilileta mawe ila maporomoko ndiyo yaliyoyapanga. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki: bahari iliyokuwa inapanuka na barafu iliyokuwa inaishia ndani yake zilifanya kazi pamoja.

Shaba yetu ililetwa na barafu?

Hapana. Shaba ilisafirishwa na maji ya chumvi yaliyopita ndani ya mawe muda mrefu baada ya mashapo kutua. Lakini mawe ya barafu yaliipa mahali pa kukaa. Mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi mwa Kolwezi, ulioanza uzalishaji mwaka 2021, unachimba shaba iliyo sehemu ya chini kabisa ya Grand Conglomérat. Maji yenye shaba yalipanda kutoka kwenye mchanga wa Roan, yakakutana na tope la barafu lenye madini ya salfa na chuma, na shaba ikabaki hapo. Na zinki ya Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa mjini, imo ndani ya mawe ya chokaa ya Kakontwe, yaliyotua baharini baada ya baridi ile ya kwanza.

Mchungaji wetu anasema mawe haya yaliletwa na gharika ya Nuhu.

Nawaheshimu wachungaji, na mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Lakini gharika ni maji, na maji huviringisha mawe na kuyachambua. Mawe haya yana mikwaruzo na hayakuchambuliwa. Tena kati ya tiliti na tiliti kuna matabaka mazito ya chokaa yaliyohitaji bahari tulivu kwa muda mrefu mno. Imani ya mtu haitikiswi na jiwe, na jiwe lazima lisomwe jinsi lilivyo.

Kongo bado ina barafu leo?

Kidogo, juu ya Rwenzori, mpakani na Uganda, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109. Msafara wa mwaka 1906 ulikuta kilomita za mraba zaidi ya 6. Leo hazifiki hata moja, na zinapungua. Mtoto anayesoma darasa la kwanza sasa huenda asiikute akiwa mzee.

Nikiokota jiwe lenye mikwaruzo, nifanye nini?

Kwanza usiliokote. Lipige picha likiwa mahali pake, ukiweka kalamu au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Andika mahali penyewe: kijiji, barabara, mto wa karibu, na alama za GPS kama simu yako inazo. Angalia lilikuwa ndani ya mwamba au limelala juu ya udongo, maana jiwe lililolala linaweza kuwa limeletwa na lori. Angalia pia mikwaruzo: ya trekta la mgodi ni mipya, myeupe na hupita juu ya kutu ya jiwe; ya barafu imezeeka pamoja na jiwe lenyewe, na mara nyingi inaendelea ndani ya tope linaloizunguka.

Kama mwamba unavunjwa kwa ajili ya kokoto na jiwe litapotea hata hivyo, lichukue, liandike namba kwa rangi, na namba hiyo uiandike kwenye daftari pamoja na mahali ulipolitoa. Kisha lipeleke idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Usilioshe kwa asidi, usilipake mafuta, na usilivunje ili kutafuta dhahabu, maana ndani ya tiliti utapata tope tu.